Kurudi kwenye kiswaswadu: mwongozo kamili wa kuachana na simu janja ili bando lisikumalize

Bando liliniishia ndani ya daladala pale Tazara, Dar es Salaam, foleni haisogei. Asubuhi yake nilikuwa nimeweka la 2,000. Nikakopa jingine. Kufika Gongo la Mboto lile la kukopa nalo limekata, na ukiniuliza nilichokiona humo, nakumbuka kitu kimoja tu: video ya mtu anamenya nanasi.

Huo ulikuwa mwaka jana. Sasa natembea na kiswaswadu, kile cha batani na tochi. Wenzetu wa Kenya wanakiita kabambe au mulika mwizi. Yafuatayo ni mambo niliyoyafanya kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya, maana mimi niliyafanya ovyo na yakanigharimu. Namba za menyu nilizoandika ni za Tanzania. Ukiwa nchi nyingine, hatua ni zilezile, ila namba tafuta za mtandao wako.

Kwanza hesabu, usinunue kitu

Simu janja yenyewe haili hela. Anayekula ni mwenye kidole. Sasa kabla hujakimbilia Kariakoo, jua hela yako inatokea mlango gani, la sivyo utaziba dirisha huku mlango uko wazi.

Fungua meseji za mtandao wako za mwezi uliopita. Kila ununuzi wa kifurushi una meseji yake. Kama huwa unaweka vocha ya kukwangua dukani, hiyo haiandiki kitu cha maana, kwa hiyo chukua daftari uandike kwa wiki mbili kisha uzidishe. Tenganisha mafungu manne: intaneti, dakika na SMS, mikopo ya salio pamoja na ada zake, na makato usiyoyaelewa.

Mimi yalikuja hivi kwa mwezi mmoja: intaneti 38,000, dakika na SMS 8,000, kukopa 4,500, na 3,000 za huduma ambayo sikumbuki kujiunga, shilingi mia kila siku, inaniletea dondoo za mapenzi. Jumla 53,500.

Hayo makato madogo yafute leo hii, hata kama hutaacha simu janja. Piga 100, huduma kwa wateja, waambie wakuondoe kwenye huduma zote za kulipia. Ukihama nayo kwenye kiswaswadu itaendelea kukukata kimyakimya, kwa sababu imefungwa kwenye laini, siyo kwenye simu.

Kama fungu lako la intaneti liko chini ya 15,000 kwa mwezi, mimi nakushauri uishie hapo. Zima video zinazojicheza zenyewe, zuia programu zisijisasishe kwa data, na faida utakayopata itatosha. Kuhama kuna usumbufu wake na hautalipwa na elfu kumi.

Wasiofaa kujaribu

Dereva anayepata abiria kwa programu. Mwenye duka la mtandaoni. Mwanafunzi wa chuo ambaye ratiba, matokeo na maelekezo ya mhadhiri yote yanakuja WhatsApp. Hawa simu janja ni jembe lao.

Na kuna wa simu ya mkopo, ile ya kulipa kila siku na usipolipa inajifunga. Ndugu yangu, kuitia kabatini hakusimamishi deni. Maliza kwanza, upewe uthibitisho kwamba umemaliza, ndipo uendelee kusoma.

Mwenye wazazi au mwenza nje ya nchi naye apige hesabu upya. Dakika za kimataifa ni ghali, na zile simu za WhatsApp ndizo zinazokuokoa. Mimi nina dada yuko Uingereza. Tumekubaliana kuongea Jumapili, kwa kaka, ambaye ana Wi-Fi nyumbani.

Kuhamisha vitu: fanya hivi wiki mbili kabla

Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo na kurudi, kwa hiyo sitapita haraka.

*Majina.* Kwenye simu janja nyingi, ingia sehemu ya majina, tafuta kuhamisha, kisha chagua laini. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi. Usibebe yote. Mimi nilikuwa na 900 na zaidi, humo mna mafundi bomba watatu waliokwishahama mji. Chagua watu unaowapigia kweli, na zile za dharura.

Tahadhari: laini inakata majina marefu, mara nyingi herufi kumi na nne hivi, na jina moja hubeba namba moja. Nilikuwa na Mama Neema wa duka la dawa na Mama Neema wa kikoba. Baada ya kuhamisha wote wawili wakawa "Mama Neema Wa". Nikampigia wa duka la dawa kumwambia mchango wangu nitauleta Ijumaa, akaniambia, "Sawa baba, ila wewe hudaiwi kitu hapa." Kwa hiyo badili majina kwanza ukiwa bado una kioo kikubwa: "Neema Dawa", "Neema Kikoba". Halafu andika namba ishirini muhimu kwenye karatasi. Kiswaswadu kikitumbukia kwenye ndoo, karatasi inabaki.

Simu nyingine hazikuruhusu kupeleka majina kwenye laini kabisa. Basi itabidi uyaandike kwa mkono kwenye kiswaswadu. Jioni mbili zinatosha.

*Barua pepe na namba za uthibitisho.* Hili wengi hawalijui mpaka limewakuta. Umekaa kwenye kompyuta ya steshenari, unataka kuingia kwenye barua pepe yako, na Google inakuambia ukathibitishe kwenye simu yako. Ile simu iko nyumbani, imezimwa, au umeshaiuza. Umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe.

Dawa yake ni hii. Ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako ya Google, hakikisha namba yako ya simu imo ili uthibitisho uje kwa SMS, maana SMS kiswaswadu inapokea bila wasiwasi. Kisha chukua zile namba za akiba. Google inakupa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike, uzifiche zinapokaa vyeti vyako. Kama kuna akaunti inayotumia programu maalumu ya kutoa namba za uthibitisho, ihamishie kwenye SMS kabla hujaizima simu.

Halafu fanya jaribio. Zima simu janja, laini itie kwenye simu ya mtu yeyote, nenda steshenari au intaneti kafe, jaribu kuingia. Ukiingia, uko salama. Ukimaliza toka kwenye akaunti, na kompyuta ikikuuliza ikuhifadhie nywila, kataa.

*Picha.* Google inatoa nafasi ya bure ya GB 15 kwa barua pepe, picha na mafaili yote kwa pamoja. Zikizidi, hamishia kwenye flashi au memori kadi. Zipandishe kwa Wi-Fi ya mtu, usije ukanunua bando la mwisho kubwa kuliko yote kwa ajili ya kuacha mabando.

*WhatsApp.* Una njia mbili. Ya kwanza ni kufuta akaunti kabisa. Ya pili, ambayo naipendelea, ni kuiacha simu janja nyumbani bila laini ikitumia Wi-Fi, yako au ya jirani mwema, ukawa unafungua mara moja kila baada ya siku chache. WhatsApp haihitaji laini iwe ndani ya simu, mradi hujajisajili upya kwingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili uweke namba ya siri. Kaa ukijua kwamba akaunti isiyofunguliwa siku 120 kwa kawaida hufutwa.

Usiondoke kimya. Mtu akikutumia ujumbe ukabaki na tiki moja wiki nzima, atasema una nyodo. Andika kwenye maelezo yako: "Sipo WhatsApp kila siku. Nipigie au tuma meseji ya kawaida." Kisha wapigie wale watano ambao ukiwapoteza itakuuma.

Kununua kiswaswadu

Nilipoenda Kariakoo kijana wa kibandani aliniuliza, "Kaka, unamtafutia bibi kijijini?"

"Hapana, cha kwangu."

Akaniangalia, akaiangalia simu janja mkononi mwangu, akanyamaza. Nilitoa 28,000.

Angalia pini ya chaja. Chukua yenye pini ya kawaida ya USB, kwa sababu zile pini nyembamba za zamani zikipotea utazunguka. Angalia kama inabeba memori kadi, kama redio inakamata bila kuchomeka earphone, na kama betri inachomoka, ili baada ya mwaka ununue betri tu. Tochi iwe na batani yake pembeni au juu. Jaribu kila kibonye, hasa 7 na 9. Kwa Kiswahili utazibonyeza mpaka basi: neno "sawa" peke yake ni 7 mara nne, 2, 9, kisha 2.

Bonyeza *#06# palepale kibandani. Itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kama simu ni ya laini mbili zitatokea mbili. Itume kwenda 15090 uone kama majibu yanalingana na simu uliyoshika. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliolia zaidi ni watu walionunua kwa bei poa bila kuangalia. Dai risiti.

Utaambiwa kuna viswaswadu vyenye WhatsApp. Vingi vya aina hiyo vinatumia mfumo wa KaiOS, na WhatsApp ilishaacha kuuhudumia mwanzoni mwa 2025. Usiongeze hela kwa ahadi hiyo.

Msomaji uliye Marekani, hapa usinifuate. Huko mtandao wa AT&T ulizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022. Kiswaswadu cha kwetu cha 2G kitakuwa tochi tu. Tafuta cha batani chenye 4G na uwezo wa kupiga simu juu ya 4G.

Siku ya kuhamisha laini

Laini ya simu janja ni ile ndogo kabisa, na nafasi ya kiswaswadu ni kubwa. Unahitaji kile kiplastiki cha kuizungushia. Usiitumbukize hivihivi ukisema itajishika. Yangu ilinasa ndani, fundi akaitoa kwa kibano na akanichaji 3,000 kwa kazi ya dakika moja, na sikuwa na la kubisha.

Huhitaji kusajili upya, usajili uko kwenye laini. Ila kama laini yako ni ile isiyo na kadi, iliyo ndani ya simu yenyewe, lazima uende ofisi ya mtandao na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ubonyeze kidole, upewe kadi.

Weka PIN ya laini, siyo ya simu tu. Kiswaswadu kikiibwa, mwizi anachomoa laini anaiweka kwingine na meseji zako zote za uthibitisho zinamfikia yeye. Ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, ile namba ya kuifungulia laini, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa. Iandike.

Jambo jingine dogo lenye hasara: viswaswadu vingi vina intaneti yake duni, na batani ya katikati huifungua kwa bahati mbaya ukiwa umeweka simu mfukoni. Huna bando, kwa hiyo inakula salio la kawaida kwa bei ya juu. Ingia kwenye mipangilio ufute akaunti ya data, au uombe huduma kwa wateja wakufungie data kwenye laini hiyo.

Huduma kwa menyu

Hapa nilishangaa, kwani karibu kila nilichokuwa nakifanya kwa programu kinafanyika kwa nyota na reli. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Kwa benki, CRDB *150*03#, NMB *150*66#. Huduma mbalimbali za Serikali ziko *152*00#. LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, ada kwa namba ya malipo, Lipa Namba dukani, vyote vinapita humo. Kama benki ulijiunga kwa programu pekee, nenda tawini wakuwashie ya menyu kabla hujahama.

Menyu ina haraka kuliko wewe. Ukichelewa inakatika, unaanza upya. Andika namba ya mita ya LUKU kwenye majina, iite "Luku Nyumbani", usiwe unakimbilia ukutani na tochi.

Nikiwa kwenye LUKU, sikia hili. Usiku mmoja umeme ulikata, nikanunua wa 5,000, hela ikatoka, tokeni haikuja. Nikasubiri. Nikamlaumu kila mtu. Mke wangu ndiye aliyeona kibahasha kinamwekamweka juu ya kioo: kisanduku cha meseji kimejaa. Kiswaswadu kina nafasi ya meseji chache, na kikijaa, mpya zinasubiri nje. Nilifuta meseji thelathini gizani, moja baada ya nyingine, ndipo zile tarakimu ishirini zikaingia. Sasa kila Jumamosi nafuta, na kwenye mipangilio nimechagua zihifadhiwe kwenye simu badala ya laini.

Na usidhani kiswaswadu kinakukinga na matapeli. Ile "hela nitumie kwenye namba hii" inakuja kwa SMS. Ipeleke 15040 na usiijibu.

Hela inavyorudi kwa mlango wa nyuma

Mwezi wa kwanza sikuokoa kitu. Intaneti ilishuka hadi sifuri, lakini dakika zilipanda hadi 22,000, kwa sababu kila jambo la WhatsApp nililigeuza simu. Ongeza 6,000 za intaneti kafe. Jumla 28,000 badala ya 53,500, ambayo ni nafuu ya 25,500, na simu yenyewe ilikuwa 28,000. Hasara ya 2,500, bila kumhesabu fundi wa kibano.

Kilichonisaidia ni haya. Nilianza kununua kifurushi cha mwezi cha dakika na SMS bila intaneti. Menyu haikioneshi mwanzoni, inakupitisha kwanza kwenye vifurushi vya mchanganyiko. Shuka chini. Nilichukua cha mitandao yote, kwa sababu tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, hivyo namba za mwanzo haziaminiki tena kukuambia yuko wapi.

Pili, SMS. Nilikuwa nimesahau kwamba SMS inafaa kwa mengi: "Nimefika", "Nunua mkaa", "Kesho saa 2". SMS moja inabeba herufi 160, na Kiswahili chetu hakina herufi ngeni zinazoipunguza hadi 70.

Tatu, siku ya kafe ni moja kwa wiki, na naenda na orodha kwenye karatasi: jibu barua pepe ya fulani, pakua fomu, angalia bei ya bati. Dakika thelathini. Ukienda bila orodha utakaa saa mbili unaangalia nanasi.

Mlango wa nyuma mbaya kuliko yote hauonekani kwenye daftari: hotspot ya mke, na "hebu niangalizie mara moja" kwa wenzako kazini. Hapo hujaokoa, umehamishia gharama yako kwa mtu mwingine, tena bila kumwuliza. Kikoba chetu kinatuma taarifa WhatsApp. Nilimwomba katibu anitumie SMS moja kwa mwezi ya kiasi na tarehe, na namlipia SMS zake. Taarifa za shule ya mtoto zinamfikia mama yake, na tulikubaliana hivyo kwa kukaa chini, si kwa mimi kutoweka kwenye kundi na kumwachia yeye. Kwa bodaboda nina namba za vijana wawili wa kijiweni. Bei yao hupanda kidogo mvua ikinyesha, lakini na ya kwenye programu hupanda.

Mwezi wa tatu: dakika na SMS 13,000, kafe 5,000. Jumla 18,000. Nafuu ya 35,500, na hiyo imekaa hapohapo tangu wakati huo, isipokuwa Desemba.

Ile nafuu itoe siku uliyokuwa unaweka bando, vinginevyo utaila bila kujua. Mimi kila Jumatatu napeleka 8,000 kwenye akaunti ambayo sina kadi yake.

Simu ya zamani

Usiiuze kabla ya siku 90. Iache iwe njia ya kurudi, kwa sababu huenda kazi ikabadilika au ukaona tu kwamba haikufai, na kuinunua upya ni ghali kuliko chochote ulichookoa.

Ukiamua kuiuza au kuigawa, ondoa kwanza akaunti yako ya Google kwenye mipangilio, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta bila kuondoa akaunti, atakayeichukua anaweza kuombwa barua pepe na nywila yako, na atakupigia saa nne usiku. Toa laini na memori kadi. Andika karatasi yenye IMEI, tarehe, majina na sahihi zenu wawili, kila mmoja abaki na nakala. Simu ikija kutumika vibaya, karatasi hiyo ndiyo itakayoongea polisi.

Yangu ilikaa kabatini miezi mitano. Ameichukua mdogo wangu wa Morogoro, anayesoma chuo, na juzi amenitumia SMS kuniomba bando.